Maswali ya wasomaji: Vidio unayo, lakini ushahidi je?

Mwezi huu mmeandika mengi kuliko nafasi niliyopewa, na karibu kila swali linazunguka kitu kimoja, simu. Simu imepiga vidio, simu imekopesha, simu imetishia mtu, simu imezimwa. Nimechagua machache. Majina nimeyatoa yote, na mahali nimeacha pale tu ambapo hapamuumizi mtu.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Kahama, kazi hii nimeanza kitambo. Zamani mtu akipigwa au akibomolewa nyumba anakuja na miguu yake, tunakaa, naandika maelezo kwenye daftari, anaweka dole gumba, mambo yanaenda. Sa hivi natumiwa vidio tu, tena imefowadiwa mara sijui ngapi, nikiuliza nani kapiga hakuna anayejua. Juzi nimempelekea afisa mmoja vidio ya namna hiyo akaiangalia akacheka akasema "hii ni AI". Nikakosa la kusema. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na pole. Kwanza hilo neno lisikutishe, maana kukana vidio hakujaanza na akili mnemba, ndio hiyo AI. Mwaka 2018 ilisambaa vidio ya wanajeshi wa Cameroon wakiwaua wanawake wawili na watoto wawili, serikali ikasema ni habari feki, haikuwa kwao. Waandishi wa BBC Africa Eye wakishirikiana na wachunguzi wengine, wakiwemo shirika la haki za binadamu la Amnesty, hawakukaa kubishana, wakaangalia mlima uliopo nyuma kwenye vidio, wakaulinganisha na picha za setilaiti mpaka wakaupata, eneo la Zelevet kaskazini kabisa mwa nchi. Wakaangalia nyumba zipi zipo na zipi hazijajengwa, vivuli vimelala upande gani, wakabana muda mpaka Machi au Aprili 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi ikawafunga wanajeshi wanne miaka kumi kumi. Unaona kilichoshinda? Sio vidio kuwa ya kutisha, ni vitu vya pembeni ambavyo mtu anaweza kwenda kuvikagua mwenyewe.

Na kinyume chake kipo pia. Gabon mwishoni mwa 2018 rais Ali Bongo alikuwa mgonjwa nje ya nchi, ikatoka vidio yake ya salamu za mwaka mpya, watu wakasema huyu katengenezwa na kompyuta, tarehe 7 Januari 2019 wanajeshi wakajaribu kupindua. Hakuna aliyethibitisha kwamba ile vidio ilichezewa. Kwaiyo shaka peke yake inatosha kufanya kazi, haihitaji hata ufeki wenyewe, na huyo afisa wako analijua hilo vizuri sana.

Sasa wewe kesho ukitumiwa vidio, usiifowadi popote kwanza. Mtafute aliyekutumia, afu aliyemtumia yeye, rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka umpate aliyeshika simu siku ile, na kila hatua iandike, nani, lini, kwa njia gani. Ukimpata mwambie asiifute na akutumie ile yenyewe kama faili, sio kama vidio ya kawaida, maana WhatsApp ikituma kwa njia ya kawaida inabana ile vidio na yale maelezo ya ndani ya saa na mahali unaweza usiyapate tena. Afu mkalishe chini. Ndio, na daftari lako lile lile! Alisimama wapi, saa ngapi, nani alikuwepo, alisikia nini kabla hajaanza kupiga. Vidio ya dakika moja yenye maelezo ya mpigaji ina uzito kuliko kumi zisizo na mwenyewe, zile kumi ni kama barua zisizo na sahihi.

Kisheria hapo upo salama kuliko unavyodhani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, haisemi vidio haikubaliki, inataka mahakama iangalie ilitengenezwa vipi, ilitunzwa vipi, na aliyeitoa anatambulikaje. Yaani inakuuliza maswali yale yale uliyokuwa unauliza wewe enzi za dole gumba. (Wa Kenya wanaosoma hapa, kwenu ni kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, mnatakiwa na cheti cha kuthibitisha hicho kifaa, watu wengi wanaanguka hapo.)

Kuna programu za simu zinazofanya hiyo kazi papo hapo. Mojawapo inaitwa eyeWitness to Atrocities, ilianzishwa 2015 na chama cha kimataifa cha mawakili, inafunga saa, mahali na alama ya kidijitali kwenye picha pale pale inapopigwa, mtu akibadilisha hata kidogo inajulikana. Kivu Kusini kule Kongo mwaka 2018 picha zilizopigwa kwa njia hiyo zilitumika kwenye kesi ya makamanda wawili wa kundi la waasi la FDLR kuhusu mauaji ya Kamananga na Lumenje ya 2012, wakapata kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Lakini nakuomba usikimbilie programu ukadhani kazi imeisha, kule mawakili walifundishwa kwanza, na mashahidi walikuwepo, walisikilizwa.

La mwisho kwako, hilo ndo linaniumiza kichwa zaidi. Yale maelezo ya ndani ya vidio yanayoifanya iwe ushahidi ndo hayo hayo yanayomtaja mpigaji alikuwa wapi saa ngapi. Ile yenyewe ifungie mahali salama, na kama kuna haja ya kuonyesha watu, toa nakala iliyosafishwa, sura za majirani zimefichwa, sauti ya mpigaji imetolewa. Nimeona watu wanaposti laivu kwa uchungu, na uchungu naelewa, lakini kesho yake wanaotafutwa ni majirani wanaoonekana pale dirishani.

SWALI: Niko Kisauni. Nilichukua mkopo wa simu, elfu nne hivi, nikachelewa kulipa. Sai wanapigia bosi wangu, pasta, hadi mama mkwe. Wametuma picha yangu kwa grupu ya kanisa wakaniita mwizi. Ukweli pesa nadaiwa, kwa hivyo sijui kama niko na haki yoyote.

JIBU: Unayo, dadangu. Deni lipo na utalilipa, lakini namba ya mama mkwe hakuikopesha mtu. Huyo hajawahi kukubali chochote, jina lake limechotwa tu kwenye orodha ya simu yako. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza wazi kuchukua namba za simu yako ili kuwatumia watu ujumbe ukichelewa. Na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data tayari imeshatoza watu faini, Septemba 2023 kampuni ya Mulla Pride, wenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, ilipigwa shilingi 2,975,000 kwa mchezo huu huu wa kutumia namba za watu na kuwatisha. Siku hizo hizo shule moja ikapigwa 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi na klabu moja ya starehe 1,850,000 kwa picha ya mteja wake, kwaiyo sio ofisi ya mapambo.

Piga skrinshoti za kila kitu, namba ya aliyetuma ionekane, tarehe ionekane. Mwambie pasta na bosi wafanye vile vile kwenye simu zao, hao nao ni walalamikaji, sio mashahidi wako tu! Malalamiko yanapelekwa mtandaoni kwa hiyo ofisi, bure, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa siku 90 kuchunguza na kumaliza. Angalia pia kama hao jamaa wamo kwenye orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu. Kwa upande wa Tanzania, Benki Kuu Novemba 2024 ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na kibali, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, sheria yake inafanya kazi tangu Mei 2023. Watu wanaenda kuilalamikia kidogo mno na sijui wanasubiri nini.

SWALI: Dada naomba usiweke mji wangu. Mwanaume niliyeachana naye ana picha zangu za faragha, anasema nisiporudi au nisipotuma hela anazirusha. Naogopa kwenda polisi maana nimesikia unaweza kushtakiwa wewe uliyepiga picha. Sijalala.

JIBU: Mdogo wangu, usimtumie hela. Ukituma mara ya kwanza amejua bei yako, atarudi. Usimfute pia wala kumbloku kabla hujahifadhi vitisho vyake vyote, skrinshoti pamoja na sauti alizotuma, na vipeleke kwa mtu mmoja unayemwamini avitunze kwenye simu yake.

Afu leo leo, kama umefikisha miaka 18, ingia StopNCII.org. Ni huduma iliyoanza Desemba 2021, unachagua picha kwenye simu yako na simu yenyewe inaitengenezea alama ya namba, picha haitoki kwako hata kidogo, inayopelekwa ni ile alama. Mitandao iliyojiunga, Facebook na Instagram na TikTok na mingine, ikiona kitu chenye alama ile inakizuia. Chini ya miaka 18 ipo ya kwao, Take It Down. Nisikudanganye, kwenye magrupu ya WhatsApp haifiki, na picha ikikatwa au ikibadilishwa inaweza kupita, lakini ukiwahi kabla hajarusha umepunguza sana.

Kuhusu polisi hofu yako naielewa, sitakwambia "nenda tu". Kwa Tanzania, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha au kumsumbua, na hicho ndo anachokifanya yeye sasa hivi hata kabla hajarusha chochote. Kwaiyo ukienda, nenda dawati la jinsia na watoto, nenda na msaidizi wa kisheria au wakili, na anza na vitisho, anza na madai ya hela. Kesi yako inahusu kitisho. Picha zenyewe huna sababu ya kuzionyesha pale kaunta kwa kila anayepita, atakayezihitaji rasmi ataziomba kwa utaratibu wakili wako akiwepo. Wa Kenya kifungu chenu ni cha 37 cha sheria yenu ya makosa ya mtandao ya 2018, kurusha picha za faragha za mtu ni hadi miaka miwili jela au faini ya hadi shilingi laki mbili, au vyote viwili.

Na tafadhali lala kwa ndugu leo, usikae peke yako.

SWALI: Jambo. Ni miye wa Bukavu, niko mu association ya wamama. Kila mara wageni wanakuya na kamera na téléphone wanaomba wamama waliobakwa waeleze tena. Mama mumoja ameeleza mara mingi mpaka amechoka. Wanasema bila vidéo dunia haitaamini. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, mama. Mahakama haihitaji uso wa mama yule uwe kwenye mtandao, na dunia ambayo haijaamini mpaka leo haitabadilika kwa vidio moja zaidi. Upo mwongozo unaoitwa Murad Code, umepewa jina la Nadia Murad, mama wa Iraq aliyenusurika ubakaji wa vita, ulitoka Aprili 2022, unawahusu watu hao hao wanaokuja na kamera. Unawataka wajiulize kabla ya yote kama kuna mwingine ameshachukua maelezo hayo, na kama kuna sababu ya kweli ya kumrudisha mtu kule kule. Umwulize mgeni hivyo mlangoni, kwa upole. Ulikuja na swali gani ambalo halijajibiwa? Vidio itakaa wapi, nani ataiona, mama akibadili mawazo mwaka ujao utaiondoaje? Akishindwa kujibu hilo la mwisho basi hakuna idhini hapo hata kama mama ametia sahihi, maana amekubali kitu ambacho hakuna aliyemweleza. Sauti tupu, mikono tu, jina la kupanga, hayo yote yanawezekana. Na association yenu iwe na daftari lenu wenyewe la nani alieleza kwa nani na lini, hiyo itawapa nguvu ya kukataa bila kugombana na mtu.

SWALI: Mimi ni mzee wa zile siku za kupigania katiba, niko Nakuru. Tulipanga mikutano kwa miezi, tukapigwa, tukajenga mashirika. Hawa vijana 2024 walifanya kwa wiki mbili kwa simu kile sisi tulifanya kwa miaka. Sasa sisi na haya mashirika yetu tuna kazi gani, ama tufunge tuende nyumbani?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Msifunge! Ni kweli walichofanya kilikuwa kikubwa, walichukua Muswada wa Fedha, kitabu ambacho zamani kilisomwa na wahasibu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani wakausoma kwenye TikTok, wakatengeneza programu ya akili mnemba ya kuuliza kifungu hiki kinanigusa vipi, wakakutana maelfu kwenye X Spaces, ile mikutano ya sauti ya mtandao wa X, hela za ambulensi na chakula zikachangwa kwa M-Pesa. Tarehe 25 Juni bunge likavamiwa, siku hiyo intaneti nayo ikasumbua, tarehe 26 rais akakataa kusaini.

Afu ikaja kazi nyingine. Nani alikufa, wapi, kwa risasi ya nani? Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ikahesabu watu 39 waliouawa kufikia Julai mosi, na hiyo hesabu haikutoka kwenye hashitagi, ilitoka kwa watu waliokwenda mochari na hospitali kuuliza jina kwa jina. Walipoanza kuchukuliwa vijana usiku, waliokimbilia kortini kuomba waletwe hai walikuwa mawakili, wengi wa umri wenu na umri wangu. Kuitisha watu na kutunza hesabu ya yaliyowapata ni kazi mbili tofauti, na ya pili inachukua miaka, inahitaji kabati na mtu wa kufungua hilo kabati 2034. Kama shirika lenu halina kitu kama hicho, na nyie mmekaa mnaandika taarifa kwa vyombo vya habari tu, basi hapo kidogo vijana wana haki ya kuwacheka.

Mwajiri kijana mmoja anayejua kutunza faili za kidijitali, na mumsikilize. Yeye naye mfundisheni namna ya kukaa na mama aliyefiwa bila kumharakisha. Hilo la pili hawalijui, nimewaona.

SWALI: 2023 nilipigwa picha ya macho KICC nikapewa zile sarafu za kidijitali za Worldcoin. Data yangu iko wapi sai?

JIBU: Serikali ya Kenya iliisimamisha Worldcoin tarehe 2 Agosti 2023, na Mahakama Kuu tarehe 5 Mei 2025 ikasema ukusanyaji ule ulikiuka sheria na ikaamuru data za kibayometriki zifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data. Kumbuka kesi ile haikuletwa na mtu mmoja mwenye hasira, waliileta Katiba Institute na wenzao, na sio mara yao ya kwanza, hata Huduma Namba, zile kadi za utambulisho, Oktoba 2021 korti ilisema kadi zilitolewa bila kufanya tathmini ya athari kwa data za watu. Wewe andikia Kamishna uulize rasmi kama yako imefutwa. Una haki ya kujibiwa.

SWALI: Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa tulikuwa na watu wetu mikoani hatukujua nani yuko salama. Siku kadhaa hivi hivi. Ikitokea tena tufanyeje? Arusha.

JIBU: Ikishazimwa umechelewa, maandalizi yote ni ya kabla. Uganda Januari 2021 walikuta hivyo hivyo. Kila mtu awe na namba tano zimeandikwa kwenye karatasi, maana simu ikichukuliwa au ikiisha chaji namba zimeondoka nayo. Pangeni saa za kupigiana kwa simu ya kawaida, mfano saa mbili asubuhi na saa moja jioni, na mtu akikosa mara mbili mnajua nani anatoka kwenda kumuulizia. Kwenye simu ya kawaida na SMS mseme "nipo" na "sipo" tu, hamna siri humo, kampuni ya simu inaona. Wachache waliokaribiana wanaweza kutumia Briar, inapitisha ujumbe kwa bluetooth na Wi-Fi bila intaneti, ila wote muwe mmeshaiweka na kuijaribu kabla. Mlichopiga kaeni nacho, nakala moja kwenye memori kadi nyumba nyingine. VPN, zile programu za kupita kizuizi cha mtandao, kila mtu anaitaja, lakini mtandao ukizimwa wote haisaidii kitu, na Tanzania mamlaka ya mawasiliano, TCRA, tangu Oktoba 2023 inataka wanaozitumia kuzitolea taarifa, kwaiyo msije mkamshauri mtu wa kijijini aipakue bila kumwambia hilo.

Na andikeni hasara mkiwa bado mnaikumbuka, mgonjwa aliyeshindwa kupigiwa, duka lililofunga. Togo walizima 2017, mashirika na mwandishi mmoja wakaenda mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, Juni 2020 wakashinda na kila mlalamikaji akapewa faranga milioni mbili. Waliweza kwa sababu walikuwa na la kuonyesha.

Kuna kijana wa Nairobi aliyewahi kuchuja maudhui ya mtandao mmoja mkubwa, barua yake ni kurasa nne na inataka jibu refu, nitamjibu toleo lijalo. Kwa sasa mkataba wako usiutupe hata kama ulisaini usizungumze, na ujue Mahakama ya Rufaa ya Kenya Septemba 2024 ilisema Meta, wenye Facebook, inaweza kushtakiwa hapo hapo Kenya.